Nani Kaigusa ISO?

Kamera ilikuwa imeanza ubishi. Bwana Mkanda hakumwambia mtu, kwa sababu mpiga picha wa umri wake akisema kamera inambishia, watu wataanza kumtazama kwa jicho la huruma. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Anapiga picha, anaiona ina kiza, anafungua lenzi zaidi ili mwanga uingie, anapiga tena, na picha inatoka na kiza kilekile. Anafungua tena. Kilekile. Utadhani amemtuma mtoto mtukutu dukani.

Hilo jina la Bwana Mkanda alipewa na vijana wenye kamera za jana na juzi, kwa kumcheka. Yeye alilelewa na mikanda ya filamu, ambayo ukishaipachika kwenye kamera namba yake ya mwanga ni hiyohiyo mpaka mkanda uishe. Kamera ya dijitali ilipomfikia, namba hiyo ikaitwa ISO. Ni namba inayoiambia kamera inyonye mwanga kwa pupa kiasi gani: juani unaweka ndogo, ndani ya ukumbi unaipandisha. Kamera hizi zinaweza hata kujichagulia zenyewe, kila picha na namba yake, ukiwasha kitu kinachoitwa otomatiki. Neno hilo Bwana Mkanda alikuwa hataki kulisikia. Kila asubuhi aliketi kwenye kiti chake studioni, akaweka ISO ya kazi ya siku hiyo, kisha akawa haigusi tena wala kuitazama mpaka arudi, kama vile amepachika mkanda. Huko kazini alicheza na lenzi na kasi ya kufyatua tu, ambayo ikipungua mwanga huzidi, huku akikagua picha kwenye kioo cha nyuma cha kamera mpaka macho yake yaridhike. Alipiga hivyo harusi za mji mzima, na hakuna aliyelalamika.

Basi siku moja alisimama nyuma ya mkewe kwenye chumba cha kuchapia, pua nusura iguse kioo cha kompyuta, akikagua picha za mahafali. Mkewe ndiye aliyekuwa akisafisha na kuchapa picha. Ndivyo walivyogawana kazi tangu waoane. Kidole cha mke kikateleza kwenye kipanya, likafunguka dirisha dogo lenye maelezo ya picha, na pale penye ISO paliandikwa 250. Mke akalifunga haraka. Haraka mno, ukimuuliza Bwana Mkanda.

Mahafali yale alikuwa ameyawekea mia nane. Aliuliza mia mbili na hamsini imetoka wapi, na mkewe akajibu bila kugeuka kwamba kompyuta nayo ina mambo yake, na je, chai aimimine sasa au baadaye?

Mtu anayejibu swali kwa chai ana jambo. Machale yakamcheza Bwana Mkanda. Mkewe alipokwenda sokoni, akaketi mwenyewe kwenye kompyuta na kufungua madirisha madogo ya picha moja baada ya nyingine. Mia moja sitini. Mia tatu ishirini. Mia tano. Kila picha na namba yake, na hakuna hata moja aliyoiweka yeye. Akaichukua kamera kabatini akaitazama kwa kuisogeza mpaka karibu na uso: ISO mia nane, otomatiki imezimwa, kila kitu mahali pake. Hapo ndipo alipoingiwa na baridi. Kumbe kuna mtu anaiwasha na kuizima, na anajua kufuta nyayo zake.

Na wa kumshuku hakuwa mbali. Alikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya bango lenye rangi zote zilizowahi kutengenezwa: shemeji yake, mdogo wa mkewe, anayejulikana kwa jina la Chapchap kwa vile picha za pasipoti kwake hutoka kabla hujaketi kuzisubiri. Chapchap hakujua kitu kingine ila otomatiki. Kamera yake ilijifanyia kila kitu, yeye alibonyeza tu na kutoa utani. Bwana Mkanda alimpenda kama shemeji na kumdharau kama fundi, na alidhani hisia hizo mbili amezificha vizuri.

Akaanza kuunganisha mambo. Siku hizi Chapchap alikuwa hakauki studioni, na kila Bwana Mkanda akiingia, mazungumzo yanakatika, mmoja anakumbuka kazi yake na mwingine anasifia hali ya hewa. Mfuko wa kamera ulipangwa na mkewe kila asubuhi, betri na kadi, baada ya yeye kuweka ISO na kwenda kuvaa viatu. Na kadi alizitoa mkewe huyohuyo kila aliporudi. Picha zenyewe zilikuwa na kiza tangu lini? Hakumbuki vizuri, ila zamani hazikuwa hivyo. Wateja wakizisifu, aliwatazama usoni kuona kama wanamkejeli. Aliona njama nzima: wanamharibia kazi kidogokidogo, wateja wamchoke, kisha studio aliyoijenga kwa mikono yake iwe tawi la Chapchap, naye aachiwe kiti cha kusinzia.

Hata balbu za studio alizishuku. Alikuwa amezibadilisha akaweka kubwa zaidi, na bado mwanga ukawa haba. Alimwambia muuza vifaa vya umeme kwamba balbu za siku hizi hazina nguvu, na muuzaji akamtazama, akasema ndiyo mzee, hazina.

Akatega mtego. Asubuhi moja aliweka ISO, akauacha mfuko mezani, akakanyaga sakafu kwa kishindo kama mtu anayekwenda, kisha akarudi kwa vidole vya miguu na kuchungulia mlangoni. Mkewe alikuwa ameishika kamera kwa mikono miwili. Kidole chake kilikuwa kikishuka kwenye menyu, taratibu, na midomo yake ikicheza kama mwanafunzi anayekariri.

“Unafanya nini na kamera yangu?”

Mke alishtuka, akaikumbatia. “Nafuta vumbi, baba watoto.”

“Vumbi la kwenye menyu?”

Mke akacheka kidogo, kicheko kilichokosa pa kukaa, akarudisha kamera mfukoni. Bwana Mkanda akaenda kuvaa viatu. Alitaka kuwakamata wote wawili, na kwa hilo alikuwa na subira ya paka.

Hakusubiri sana. Binti yao mkubwa alikuwa anaolewa, na matayarisho yalikuwa yamepamba moto. Alasiri moja Bwana Mkanda akiwa amesimama nyuma ya pazia la kupigia picha, akibana kitambaa kilicholegea, aliwasikia ndugu wale wawili wakiingia. Chapchap alikuwa anasema jambo hili halifai kuendelea, litamlipukia mtu. Mkewe akajibu kwa sauti ya chini, “Harusi ipite kwanza. Asijue kabla ya harusi, nakuomba.”

Bwana Mkanda alibaki nyuma ya pazia na kibanio mkononi. Alihuzunika kuliko alivyokasirika, na hilo lilimshangaza, kisha hasira ikaja ikachukua nafasi yake kwa sababu ilikuwa rahisi kuibeba.

Jioni ileile binti yake akaja kuketi karibu naye, akamshika mkono, akaanza kwa mbali. Kwamba siku yenyewe itakuwa ndefu. Kwamba angependa baba yake awe baba tu, avae suti, ale, acheke na wageni. Picha mjomba atapiga.

“Mjomba yupi?” aliuliza, kana kwamba alikuwa na wajomba kumi.

Binti akatazama chini. Bwana Mkanda akamwambia kwa upole mwingi kwamba ameshapiga picha mabibi harusi wasiohesabika, watoto wa watu, na wa kwake hatapigwa picha na mtu mwingine akiwa yeye yu hai. Binti akambusu mkono na kuondoka, na Bwana Mkanda akajisemea: hata mtoto wangu wamemwingiza.

Asubuhi ya harusi hakuwapa nafasi. Aliuchukua mfuko mwenyewe, akapanga betri na kadi mwenyewe, akahakikisha otomatiki imezimwa, akaweka ISO elfu moja na mia sita kwa sababu chumba cha msajili wa ndoa alikijua, kina giza kama stoo. Kisha akaivaa kamera shingoni na hakuivua. Alikunywa nayo chai. Alifunga nayo tai, ikabidi tai ipite chini ya mkanda wa kamera na kutokea kwapani. Kama si kuogopa maji angeingia nayo bafuni. Mkewe alimfuata chumba hadi chumba akisema atamshikia kidogo tu, avae koti vizuri, naye akajibu kila mara kwamba haina uzito.

Chumbani kwa msajili palikuwa na dirisha moja kubwa, meza ndefu, na viti vya wageni wachache. Bwana Mkanda alipiga picha ya kwanza, akaitazama kwenye kioo cha nyuma. Kiza. Akafungua lenzi, akapunguza kasi, akapiga tena. Ikaongezeka mwanga! Moyo wake ukaruka. Kamera ilikuwa imerudi kumtii. Akafungua zaidi, akapunguza tena, na picha ikaja jinsi alivyoitaka: angavu, laini, uso wa bintiye ukitoka vizuri kwenye shela. Alifanya kazi kama kijana. Alipiga kalamu ikishuka kwenye karatasi, alipiga pete, alipiga bwana harusi akifuta jasho na bibi harusi akimcheka. Alipiga mpaka msajili akamwomba asogee kidogo, anataka kuona anachosaini.

Sasa tazama mwenyewe, alikuwa akimwambia mkewe moyoni. Tazama kazi ya mtu ikiachwa bila kuchezewa.

Walipotoka kwa msajili, wageni wakaanza kushuka ngazi kwenda kusubiri magari. Bado kulikuwa na picha za bustanini na sherehe ya jioni. Mkewe akamshika kiwiko na kumvuta pembeni ya korido, mahali penye benchi. Chapchap akawafuata, mikono mfukoni, bila utani wowote, jambo ambalo kwake lilikuwa ugonjwa.

“Baba watoto, nakuomba nione picha.”

“Uone nini? Uone mlichoshindwa kuharibu?”

Akawatolea yote. Aliwaambia anajua kuhusu menyu, anajua kuhusu otomatiki inayowashwa na kuzimwa, aliwasikia kwa masikio yake nyuma ya pazia. Alimwambia mkewe kwamba mwizi wa nje angemfungia mlango, lakini wa ndani hajui amfanyeje. Sauti yake ilipanda mpaka shangazi mmoja akageuka kwenye ngazi, akaona heri aendelee kushuka. Mkewe alikuwa amenyoosha mkono tu, kiganja juu.

“Haya,” akasema Bwana Mkanda, akaivua kamera. “Angalia. Na nduguyo naye aangalie, ajifunze.”

Mke aliipokea, akapitisha picha moja, ya pili, ya tatu. Akapitisha haraka zaidi. Kisha akaketi kwenye benchi. Chapchap aliinama juu ya bega la dada yake, akatazama, akageuza uso ukutani.

“Sema,” Bwana Mkanda alimwambia shemeji yake. “Nzuri au si nzuri?”

“Shemeji, dada atakuambia.”

“Nimekuuliza wewe.”

“Zimeungua, shemeji. Zote. Nyuso hazipo. Ni weupe mtupu, kama mtu kamwaga unga.”

Bwana Mkanda akacheka. Aliichukua kamera, akaisogeza karibu na uso, na pale kwenye kioo alimwona bintiye waziwazi, kalamu mkononi, akitabasamu. Akawatazama wale wawili. Huu ulikuwa ujanja gani tena? Mtu anakuambia kitu hakipo na wewe unakiona.

Ndipo mkewe akauliza, kwa sauti ileile anayoulizia kama amekula, “Gauni la mtoto limekaaje?”

“Gauni gani? Limekaa vizuri. Jeupe.”

“Lina nini?”

“Lina nini nini? Ni gauni jeupe, halina kitu. Nilifurahi hata, sipendi makorokoro.”

Mkewe aliweka mkono mdomoni, na Bwana Mkanda akaona, kwa kadiri alivyoweza kuona, kwamba mabega yake yanatikisika.

“Lina maua, mume wangu,” akasema mwishowe. “Ya bluu. Shingoni mpaka kiunoni. Yeye mwenyewe kayadarizi, miezi yote hii, sebuleni, mbele yako.”

Akamweleza hapo hapo kwenye benchi, maana hapakuwa tena na sababu ya kungoja. Kwamba picha zilianza kuja nyeupe mwaka uliopita. Mwanzoni alizipunguza mwanga kwenye kompyuta kabla ya kuzichapa, na wateja hawakujua. Kisha zikaanza kuja zilizoungua kabisa, zisizofufuliwa na kompyuta yoyote, na bibi harusi mmoja alirudi studioni akalia kimyakimya ili mzee asisikie. Akamwendea mdogo wake. Chapchap akamwambia washa ISO otomatiki, mzee akiongeza mwanga mwingi kamera itapunguza yenyewe, na akamfundisha menyu mpaka akaikariri. Macho ya Bwana Mkanda yalikuwa yameingia ukungu, kila kitu akakiona na kiza. Waliona anavyomimina chai nje ya kikombe, anavyosalimia mlango wa jirani akidhani ni jirani. Miadi ya hospitali ya macho ilikwisha kuchukuliwa, ya wiki baada ya harusi.

Bwana Mkanda alisikiliza akiwa amesimama. Aliwaza balbu. Aliwaza muuza vifaa vya umeme na ile ndiyo mzee.

“Kwa nini hukuniambia?” aliuliza. “Nilikudhania mwizi. Nimekutukana mbele ya watu.”

“Nilijua unanidhania.”

“Ukaniacha?”

“Niliona bora unidhanie mimi mwizi kuliko ujue wewe huoni,” mkewe akasema. “Ningefanya nini? Ungeniuliza utakuwa nani bila kamera, na mimi sina jibu.”

Bwana Mkanda aliona aibu, akaketi kwenye benchi karibu naye. Alimwomba radhi kwa maneno machache yaliyovunjikavunjika, na mkewe akamfuta shavu kwa ncha ya mtandio bila kusema amesamehe au hajasamehe. Ilikuwa wazi kwamba hilo lina siku yake.

Picha za kusaini zilikuwa zimekwenda. Za mtoto wake wa kwanza, kalamu, pete, kicheko, zote alizipiga yeye na zote aliziunguza yeye. Bintiye akapanda ngazi kuwatafuta, gauni kalishika kwa mikono miwili, akisema magari yamefika na watu wanauliza baba yuko wapi. Akawaona sura zao, akasimama.

Bwana Mkanda akanyanyuka, akamkabidhi Chapchap kamera.

“Washa hiyo otomatiki, shemeji,” alisema. “Zilizobaki piga wewe. Na zitoke.”

Chapchap akaipokea kwa mikono miwili, akaanza kushughulika na menyu bila kumtazama mtu.

“Kuna nini, baba?” binti akauliza.

“Njoo hapa karibu.”

Binti alidhani anataka kumnyooshea shela, kama anavyofanya kwa mabibi harusi wote kabla ya picha. Akasogea. Baba yake akainama mpaka paji la uso likakaribia kidevu chake, akakodoa macho, na bado palikuwa na weupe tu. Basi akainua mkono, akautua shingoni mwa gauni, na vidole vyake vikaanza kushuka polepole juu ya nyuzi.

“Hili ni ua gani?” akauliza.